Kidatu Haikuzaliwa na Sukari

Muulize mtu wa Morogoro habari za Kidatu, atakutajia sukari kabla hujamaliza swali. Mwenye umri ataongeza bwawa la umeme, na aliyewahi kupanda treni ya TAZARA ataongeza stesheni. Historia ya mahali hapa nayo husimuliwa kwa mpangilio huohuo: kampuni ya sukari ikaundwa mwaka 1960, kiwanda cha kwanza kikaanza kusaga miwa mwaka 1962, watu wakamiminika kutafuta kazi, mji ukachipuka. Kabla ya hapo, tunaambiwa, palikuwa na pori, mto na mbung'o.

Simulizi hilo limerudiwa mara nyingi hata likaonekana halihitaji ushahidi. Mimi nalipinga, na nalipinga kwenye mwanzo wake. Ni kweli sukari ilikuja, ikatawala, na hadi leo ndiyo inayowalisha wengi. Lakini miaka 35 kabla ya kampuni kuundwa, njia inayopita hapa ilikwisha kugombewa na wakubwa wa Dar es Salaam, Nairobi na London. Sukari haikuwa hoja yao. Waligombea reli, mpunga, na swali la Tanganyika ingekuwa nchi ya nani. Namna ugomvi ule ulivyoisha ndiyo iliyoamua Kidatu iwe mji wa aina gani.

Lango la bonde

Kwa hesabu za utawala Kidatu ni kata ndogo tu. Iko ndani ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara, ingawa Ifakara yenyewe iko mbali, karibu kilomita 70 kuelekea kusini. Ukivuka mto Ruaha Mkuu unaingia kata ya Ruaha, na hapo umeshabadilisha wilaya: uko Kilosa. Mpaka huo wanaujua zaidi maofisa kuliko wauza nyanya, kwa kuwa watu hulala upande mmoja na kutafuta riziki upande wa pili. Kampuni ya sukari nayo imekaa kotekote: kiwanda cha K1 kiko Msolwa, upande wa Kilombero, na K2 kiko Ruembe, upande wa Kilosa.

Umbo la ardhi ndilo lililoipa Kidatu umuhimu wake. Magharibi ipo Milima ya Udzungwa, kaskazini ipo ya Vidunda, na Ruaha Mkuu hupenya katikati kwa mporomoko mkali kisha hutulia ghafla unapoingia tambarare. Kutoka hapo bonde la Kilombero hufunguka kuelekea kusini-magharibi, refu na pana, hadi Mlimba. Anayetoka Kilosa au Mikumi kwenda Ifakara, awe kwa miguu, kwa lori au kwa treni, hana budi kuvuka mto karibu na hapa, kisha kufuata ukingo mwembamba wa ardhi kavu, milima ikiwa mkono wa kulia na mbuga za maji mkono wa kushoto.

Wenyeji wa lango hili na bonde lake ni Wavidunda wa milimani, Wandamba wavuvi wa mtoni, Wambunga waliojijenga Ifakara baada ya misukosuko ya Wangoni katika karne ya 19, Wapogoro wa Mahenge, Wabena wa Utengule. Mwaka 1879 kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, alivuka mto Kilombero akielekea Ziwa Nyasa. Mkuu wa wapagazi wake alikuwa Chuma, yuleyule aliyeshiriki kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Msafara wa namna ile haukuweza kupita mahali pasipo na watu, kwani uliishi kwa chakula kilichonunuliwa vijijini na kwa ruhusa ya wakubwa wa njia. Habari za Wahehe na Mkwawa, na za shambulio la Majimaji kwenye boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, zimeandikwa vya kutosha, sitazirudia.

Jambo moja la zama zile linahitaji kusisitizwa, maana linabeba hoja yangu yote. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyeandika tasnifu nzima kuhusu kilimo cha bonde hili, ameonyesha kwamba kati ya mwaka 1890 na 1914 Kilombero iliuza mpira wa pori. Watu waliingia msituni kuugema, wakauuza kwa wafanyabiashara, na mpira ule ukafika viwanda vya Ulaya. Kwa maneno mengine, bonde lililokuja kuitwa "tupu" lilikuwa limeingia katika soko la dunia zaidi ya nusu karne kabla ya muwa wa kampuni. Liliingia bila reli, na sababu ni rahisi: mpira ulikuwa na thamani kubwa na uzito mdogo. Uliweza kusafiri kichwani mwa mtu.

Mpunga haupandi kichwani

Biashara ya mpira wa pori ilipokwisha, bonde lilibaki na zao ambalo halikuwa na bahati hiyo. Mpunga wa Kilombero ulikuwapo, ulikuwa mwingi, na ulikuwa mzuri. Tatizo lilikuwa kuutoa.

Kazi yenyewe wenyeji wanaifanya hadi sasa. Mvua zikianza kuelekea Desemba, mbuga hulimwa na mpunga hupandwa. Machi na Aprili mto hupanda, maji husambaa tambarare, na mpunga hurefuka nayo. Mashamba yako mbali na kijiji, kwa hiyo familia huhamia huko, hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na kukaa humo miezi kadhaa wakilinda zao: mchana ndege, usiku nguruwe na viboko. Juni na Julai maji yanapokuwa yamepungua huvunwa, hupurwa, hupepetwa. Sehemu ya mzigo hupita majini kwa mitumbwi ya Wandamba, ambao bila wao biashara ya mto isingekuwapo.

Baada ya hapo inakuja hesabu ngumu. Kutoka Ifakara hadi reli ya kati pale Kilosa ni karibu kilomita 180. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Tuseme anatembea kilomita 20 kwa siku na anakula kilo moja kwa siku. Siku tisa kwenda na tisa kurudi, amekula kilo 18. Theluthi mbili ya mzigo imeishia tumboni mwake, na mwenye mpunga bado hajamlipa. Malori yalipoingia miaka ya 1920 yalipunguza makali, lakini wakati wa masika udongo mweusi wa bonde uliyakwamisha.

Kwa hiyo mkulima wa Kilombero hakukosa bidii wala ardhi wala mvua. Alikosa behewa.

Reli mbili, nchi mbili

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Kusini-magharibi yote ikabaki pembeni. Walikuwa wamemtuma Paul Fuchs kuchunguza uwezekano wa reli ya kusini kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, na taarifa yake ikatoka mwaka 1905. Mwaka huohuo vita vya Majimaji vikalipuka katika nchi ileile aliyoikagua, na wazo likafa.

Lilifufuka chini ya Waingereza, na sasa likiwa na meno. Mwezi Oktoba 1925 Lord Delamere, kinara wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu. Walikuja walowezi wa nchi jirani, na ndoto yao haikufichwa: kuunganisha maeneo ya Wazungu kutoka Kenya hadi Rhodesia yawe kitu kimoja. Ndoto hiyo ilihitaji uti wa mgongo, na uti huo ulikuwa reli ya kutoka Dodoma, kupitia Iringa na nyanda za juu, hadi Fife, kituo kidogo cha Rhodesia ya Kaskazini karibu na Tunduma ya leo. Ingepita kwenye baridi, penye mashamba makubwa ya Wazungu au penye nafasi ya kuyaanzisha.

Njia ya pili ilianzia Kilosa. Ingeshuka kupitia Mikumi, ingevuka Ruaha Mkuu, ingefuata ukingo wa Udzungwa hadi Ifakara, na baadaye ingeelekea Manda kwenye Ziwa Nyasa. Njia hiyo haikuwa na walowezi wa kutajika. Mzigo wake ungekuwa mpunga wa Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena.

Gavana wa Tanganyika tangu 1925 hadi 1931 alikuwa Sir Donald Cameron, naye aliegemea upande wa bonde. Simwoni kuwa mtakatifu. Utawala wake wa kupitia machifu uliwafunga watu katika makabila kwa namna ambayo Tanganyika huru ilibidi kuifumua, na kodi aliikusanya kama magavana wengine. Lakini katika suala hili aliona mbali kuliko bosi wake wa London, Leopold Amery, na kuliko Gavana Grigg wa Nairobi. Alijua kwamba reli haibebi mizigo tu. Reli ya Dodoma hadi Fife ingeifanya Tanganyika daraja la walowezi; reli ya Kilosa hadi Ifakara ingeifanya nchi ya wakulima wanaouza mazao yao wenyewe. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule, na Cameron aliitumia hoja hiyo bila kuchoka dhidi ya kila mpango wa kuimeza nchi katika shirikisho la Kenya.

Aliyepewa kazi ya kupima njia ni mtu ambaye maandishi ya Kiswahili yamemsahau, na huyo ndiye anayestahili nafasi katika historia ya Kidatu kuliko mkurugenzi yeyote wa kampuni. Clement Gillman alizaliwa Madrid mwaka 1882, akasomea uhandisi Zürich, akaja Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1905 kujenga Reli ya Kati. Utawala ulipobadilika yeye alibaki, akafanya kazi na Waingereza hadi kuwa mhandisi mkuu wa Reli za Tanganyika. Alikuwa mhandisi mwenye jicho la mwanajiografia. Mwaka 1936 alichapisha ramani ya mtawanyiko wa watu wa Tanganyika iliyoonyesha kwamba watu wanakaa penye maji ya uhakika, na kwamba sehemu kubwa ya nchi iko wazi kwa kukosa maji. Uvivu wa watu, ambao watawala wengi walipenda kuutaja, hauna nafasi katika ramani ile. Shajara zake, alizoandika kwa miongo mingi, zimehifadhiwa Oxford.

Taarifa ya Gillman kuhusu reli ya kusini-magharibi ilitolewa mwaka 1929. Mwaka huohuo ilitoka taarifa nyingine, ya A. M. Telford, iliyochunguza uwezekano wa kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero kwa kilimo. Zisomwe pamoja. Moja inauliza treni itapita wapi, nyingine inauliza treni itabeba nini. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa inalitazama bonde zima kama nchi ya uzalishaji, na lango la kuingilia bonde hilo lilikuwa kivuko cha Ruaha Mkuu. Kama kuna mwaka ambao Kidatu ya kisasa iliwazwa kwa mara ya kwanza, ni 1929.

Nani aliiua reli ya mpunga?

Mwezi Oktoba 1929 soko la hisa la New York liliporomoka. Bei za mazao zikaanguka duniani kote, mapato ya Tanganyika yakakauka, na taarifa zote mbili zikawekwa kabatini. Hivyo ndivyo wengi wanavyoeleza: mdororo wa uchumi uliiua reli.

Maelezo haya yana ukweli, na wanaoyatoa wanastahili kusikilizwa. Bonde lilikuwa na watu wachache ukilinganisha na Usukuma au Uchaga. Daraja la Ruaha Mkuu lingekuwa la gharama. Tuta la reli kwenye ardhi inayofurika kila mwaka si mchezo, na kila mwaka lingehitaji matengenezo. Mpunga ni zao la bei ndogo. Ili reli ijilipe ingebidi usafirishwe kwa wingi ambao hakuna aliyeweza kuuhakikisha kabla reli haijafika, na usingeweza kulimwa kwa wingi huo kabla reli haijafika. Mhandisi mwaminifu angelazimika kuyasema hayo yote.

Hata hivyo, tazama kilichojengwa miaka ileile. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Reli ya Moshi ilifika Arusha mwaka 1929. Mdororo ukiwa umepamba moto, mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali bado ilijenga tawi la Manyoni hadi Kinyangiri katika nchi ya Singida, na tawi hilo halikupata mzigo wa maana, likang'olewa baadaye. Basi fedha hazikukosekana kabisa. Kilichokosekana ni mtetezi. Walowezi hawakuihitaji reli ya bonde, na waliona kwamba ikijengwa ingeua ile ya Fife. Cameron alipoondoka mwaka 1931, hakubaki mtu mwenye cheo cha kupiga meza kwa ajili ya mpunga wa Ifakara.

Kuhusu hoja ya walowezi wenyewe, kwamba reli ifuate mahali Mzungu anaweza kuishi, sina subira nayo. Ilikuwa hoja ya rangi iliyovaa koti la uchumi, na muda umeizika.

Kushindwa kwa reli zote mbili kulikuwa na matokeo yasiyolingana. Nyanda za juu zilipata barabara, mashamba ya chai ya Mufindi yakakua, na Iringa ikawa mji. Bonde lilirudi kwenye mitumbwi na malori yanayokwama. Ni baada ya hapo ndipo lilipoanza kuonekana "tupu", na ni utupu huo uliotengenezwa na maamuzi ya ofisini ambao historia ya kampuni inauita mwanzo.

Miaka 30 kwa haraka

Kipindi cha 1930 hadi 1960 nitakipita upesi. Bwana na Bi. Culwick, yeye bwana akiwa ofisa wa utawala katika bonde, walitoa kitabu kuhusu Wabena wa mtoni mwaka 1935. Sehemu yake yenye thamani ya kudumu ni sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena hao, mwenyewe. Sehemu nyingine inanuka dhana za wakati wake. Mwaka 1952 wahandisi washauri walipima tena uwezekano wa kuunganisha reli za Afrika Mashariki na zile za Afrika ya Kati, na hakuna kilichojengwa. Kati ya 1955 na 1960 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichunguza bonde zima la Rufiji pamoja na Kilombero, likaandika majuzuu ya takwimu za maji na udongo. Kila kizazi kilipima upya kilichokuwa kimepimwa.

Sukari inajilipia nauli

Hapo ndipo sukari ilipoingia. Kampuni ya Sukari ya Kilombero iliundwa mwaka 1960 kwa mitaji ya nje: shirika la maendeleo la Uingereza, CDC, shirika la fedha la Benki ya Dunia, IFC, na Waholanzi. Angalia tarehe za reli. Tawi la Kilosa hadi Mikumi lilifunguliwa mwaka 1960, na kutoka Mikumi likafika Kidatu mwaka 1965. Ni kilomita 108, katika njia iliyokuwa ikijadiliwa tangu enzi za Cameron. Likaishia mtoni, penye miwa. Ifakara na mpunga wake wakaachwa kilomita 70 mbele.

Mhasibu wa reli hapaswi kulaumiwa. Kiwanda kimoja hutoa mzigo mmoja, kwa mteja mmoja, kwa msimu unaojulikana, na malipo hutoka ofisi moja. Wakulima elfu kumi wa mpunga, kila mmoja na magunia yake matano, hawawezi kumpa uhakika huo. Hivyo ndivyo swali la 1929 lilivyojibiwa: treni ikaja, lakini kwa ajili ya zao linaloweza kujilipia nauli tangu siku ya kwanza.

Matokeo yake ni mji wa kipekee. Wakata miwa walitoka Mbeya, Iringa, Songea na kwingineko, wengi wakaja kwa msimu na baadhi wakabaki. Msimu ukifunguliwa, usiku anga huwa jekundu kwa miwa inayochomwa kabla ya kukatwa, asubuhi majivu meusi huanguka juu ya nguo zilizoanikwa, na mji mzima hufuata saa za kiwanda. Serikali ilikuja kuitwaa kampuni baada ya Azimio la Arusha, na mwaka 1976 kiwanda cha K2 kikaanza kazi. Mwezi Julai 1986 wafanyakazi walipogoma, polisi wa kutuliza ghasia waliwafyatulia risasi na baadhi yao wakafa. Jambo hilo halitajwi kwa kawaida katika historia zinazoanzia 1960. Mwaka 1998 hisa nyingi ziliuzwa kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini na washirika wake, serikali ikibaki na asilimia 25.

Mabadiliko makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni yale ya wakulima wa nje, yaani wanavijiji wanaolima miwa katika mashamba yao na kuuza kiwandani kupitia vyama vyao. Vijiji vya Sanje, Msolwa Ujamaa, Mkula na vingine vimegeuza mashamba ya mpunga na mahindi kuwa ya miwa. Hoja za bei, mizani, kiwango cha sukari kwenye muwa na nani aanze kuvuna zimewagombanisha na kiwanda, na wao kwa wao, kila msimu. Mkulima mdogo ambaye Cameron alitaka apate reli amepata kiwanda badala yake, na anauza kwa mnunuzi mmoja.

Milimita 67

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilikuja na nafasi ya pili. Mwaka 1964 Benki ya Dunia iliona reli ya Zambia hadi Dar es Salaam haina faida. Hoja ilikuwa ileile ya 1929, kwamba mzigo hautoshi. Safari hii alikuwapo mtetezi. Nyerere alikwenda China Februari 1965, mkataba ukatiwa saini Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na reli yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Wachina waliweka karakana kubwa Mang'ula, ambazo baadaye zilizaa kiwanda cha zana na vipuri. Reli ilipita Kidatu, ikafuata ukingo uleule wa Udzungwa, ikafika Ifakara na Mlimba. Ndoto ya bonde ikatimia baada ya karibu nusu karne, ikiwa na mzigo wa shaba.

Lakini pale Kidatu kulitokea jambo linalostahili kuonyeshwa kila mwanafunzi wa uhandisi. Reli ya zamani kutoka Kilosa ina upana wa milimita 1,000 kati ya pau zake. TAZARA ina milimita 1,067, ili ipatane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja. Behewa la upande mmoja halikuweza kuingia upande wa pili. Kwa zaidi ya miaka 20 reli mbili ndani ya nchi moja zilikutana katika kata moja bila kupeana mzigo. Kituo cha kuhamishia mizigo kilifunguliwa mwaka 1998, ambapo shehena huinuliwa kutoka behewa la mfumo mmoja na kushushwa katika la mfumo mwingine. Lango lililogombewa tangu 1925 likawa mahali pa kushusha na kupakia upya.

Bwawa la Kidatu nalo lilianza kutoa umeme mwaka 1975, likafikia megawati 204 mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya bwawa la Mtera kujengwa juu yake ili kuhifadhi maji. Nyaya za msongo mkubwa zikaelekea Morogoro na Dar es Salaam. Mporomoko wa Ruaha Mkuu, ambao kwa mhandisi wa reli ulikuwa kikwazo, kwa mhandisi wa umeme ukawa mali.

Swali bado liko mezani

Mwezi Septemba 2024 viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia huko Beijing utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara imeubadilisha usafiri wa bonde, na tangu 2018 daraja la Magufuli lenye mita 384 limemaliza enzi ya kivuko cha mto Kilombero. Mchele wa Kilombero sasa unafika Kariakoo kwa malori.

Katika mipango ya kufufua reli, tani zinazotajwa ni za shaba ya Zambia na Kongo. Huo ni mzigo wa haki na utalipa. Lakini reli ile inapita katikati ya mojawapo ya maeneo makubwa ya mpunga nchini, na hesabu inayoanza na shaba pekee itayarudisha maamuzi ya 1929 kwa jina jipya. Maghala ya mpunga kwenye stesheni za Ifakara na Mlimba, mabehewa ya msimu wa mavuno, na nauli anayoiweza mwenye magunia matano, hayo ndiyo mambo ambayo madiwani wa bonde wanapaswa kuyadai.

Na wakidai, wasikubali kuambiwa kwamba eneo lao ni zao la mwekezaji. Kampuni ina haki ya kusherehekea mwaka 1960, kwa kuwa ndio mwaka wake. Kata ya Kidatu ina tarehe yake ya zamani zaidi, na taarifa za Gillman na Telford zitafsiriwe Kiswahili ili watoto wa Msolwa na Sanje wasome wenyewe jinsi nchi yao ilivyopimwa, ikagombewa na kuachwa, na wajue kwamba hoja ya "mzigo hautoshi" imeshawahi kutumiwa dhidi ya mababu zao, na haikuwa ukweli wote.